Kitambaa cha Mama Kwenye Maonyesho

S.L.P. 218,
Voi.
18 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Josephat,

Nakusalimu sana, wewe na mkeo Wendy. Goti lako linaendeleaje? Na huko Calgary baridi imewaachilia? Sisi tuko wazima, ingawa mvua imetunyima tena na mahindi ya Makwasinyi yamekaukia shambani. Macho ya Mama hayakupona baada ya upasuaji. Anaona vivuli tu.

Nilikuambia nimejitolea kwenye maonyesho ya ushonaji, katika ile nyumba ya mawe ya meneja mzungu wa shamba la mkonge ambako Mama alifanya kazi kabla hatujazaliwa. Nilikuwa nawatembeza wageni na kuhakikisha hakuna anayegusa vitambaa. Beji yangu niliivaa kwa furaha, sikufichi.

Jumamosi nilimleta Mama. Katika chumba cha kulia kulikuwa na kitambaa cha meza, nikamweleza kilivyo: maua mekundu yameshonwa kwa mkono, ila moja la pembeni ni zambarau. Akasimama ghafla.

"Uzi mwekundu uliniishia," akasema. "Hicho nilikishona mimi, nikiwa na mimba yako."

Akanyoosha mkono akipapase. Pauline, mwenyekiti wa kamati, alikuwa mlangoni na wageni wa Nairobi. Akanikazia macho. Nami, Josephat, niliushika mkono wa Mama nikaurudisha chini. "Usiguse, Mama," nikamwambia, watu wote wakisikia. Aliomba tu nimrudishe nyumbani.

Kikaratasi kilichobandikwa kando kilisema kitambaa kimeshonwa na mke wa meneja. Nilirudi nikamwomba Pauline abadilishe jina.

"Una ushahidi gani?" akaniuliza. "Mama yako haoni hata mlango."

Nikachukua kalamu, nikalikata jina la yule mzungu, nikaandika la Mama: Mkamburi wa Mwakio. Jumatatu nilikuta meza iko tupu. Kitambaa kimefungiwa sandukuni, nami nikaambiwa nirudishe beji. Wenzangu niliojitolea nao walikuwa wakinywa chai. Hakuna aliyeinua kichwa.

Pauline nitamsahau. Nafsi yangu ndiyo siwezi kuisamehe. Mama alikuwa hatua moja tu kutoka kwa kazi ya mikono yake, na aliyemzuia ni mtoto wake mwenyewe, kwa kuogopa kuaibika mbele ya wageni. Nilimwomba radhi. "Ulikuwa kazini," akanijibu. Afadhali angenitukana.

Ukimpigia simu, usimuulize habari za maonyesho. Tangu siku ile hataki nimshike mkono tukitembea. Anapapasa ukuta mwenyewe.

Nisalimie Wendy, na mwambie Elijah nyanya yake humtaja kila akisali. Mungu awafunike huko ugenini, awape nguvu za kazi na njia ya kuja kumwona Mama mapema.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Tryphena