Mtoto wa Marehemu Alinikataza Kukanyaga

Mpendwa Mshauri Roselyne, naomba msaada wako maana hili nikimwambia wakili mwenzangu atanicheka. Kwa miaka mingi nilikuwa wakili wa mahakamani hapa Kisii, hadi nikachoka na wajane wanaolia nje ya mlango wa korti, nikahamia mikataba ya biashara na uuzaji wa mashamba, kazi ya kalamu na muhuri, na kusema kweli nilipumua. Sasa mteja wangu anataka kununua shamba la majani chai kule Manga, muuzaji ni Machogu, amelirithi kutoka kwa ndugu yake Ongeri aliyefariki zaidi ya miaka kumi iliyopita, na korti iliambiwa Ongeri hakuacha mke wala mtoto, basi nikaenda kulitazama tu kabla hatujalipa.

Ilikuwa mchana, jua kali, lakini nilipoingia kwenye migomba baridi ikanipanda miguuni, na nyuma yangu sauti ikasema, "Baba amesema usikanyage hapo." Kugeuka, ni msichana mdogo wa chekechea. Nikamuuliza baba yake ni nani, akasema, "Ongeri." Yuko wapi? Akanyoosha kidole chini ya viatu vyangu, na hapo hapakuwa na msalaba wala saruji, nyasi tu. Mama yake, Nyaboke, akatoka jikoni akasema kwa upole, "Karibu wakili, baba yake alituambia utakuja," na mimi sikuwa nimemwambia mtu yeyote pale kazi yangu. Machogu anasema mwanamke huyo ni kichaa aliyeokotwa na mama yao, mteja ananiharakisha, na tangu siku hiyo nikishika faili ile miguu inakufa ganzi. Je, nimerogwa, au nikamilishe tu uhamisho niwe huru?

Wakili Anyona, Kisii

*

Anyona, pole kwa hofu, lakini acha kujifanya mgeni. Wewe ni Mgusii au ulishushwa Kisii na ndege? Mama yake Ongeri alimwolea marehemu mke ili nyumba yake isifungwe, ukoo wake usikatike, na kwa mila watoto wanaozaliwa humo, hata miaka mingi baada ya kifo chake, ni wa Ongeri. Nyanya yako angekueleza hayo huku akimenya ndizi. Nina hakika Machogu mwenyewe aliswaga ng'ombe wa mahari, kisha akaenda kuapa kwamba hakuna mke.

Ulidhani ukihama korti wajane wataacha kulia. Wanalia shambani, na safari hii muhuri uko mkononi mwako.

Kuhusu baridi ile, na Nyaboke kukujua, sitakudanganya. Sijui. Niliposoma barua yako mara ya pili niliinuka nikafunga dirisha. Lakini usikimbilie kuombewa kabla hujafanya kazi yako.

Mwambie mteja wako leo kwamba shamba lina watu na lina kaburi, na asilipe hata shilingi. Uhamisho usiuguse. Huwezi kumtetea Nyaboke kwa sababu mnunuzi ndiye mteja wako, kwa hiyo mpeleke kwa wakili mwingine apinge urithi ule haraka, shamba lisije likauzwa kwa mwingine. Korti itaamua nyumba ya Ongeri inahesabiwaje. Si Machogu wa kuamua, wala si wewe.

Na ukiitwa kutoa ushahidi, nenda. Mambo ya baridi yaache nyumbani. Watakuuliza kama Ongeri alikuwa na mtoto, nawe sema ulimwona, mlizungumza, na alikutajia jina la baba yake bila kusitasita.