Msiba Nilioulia Hoi An

Basi nimeshakaa chini, Suleiman mwanangu, viatu nimevua mlangoni, kanga nimejitanda, mkono wangu uko juu ya paja la yule bibi mwenye nyumba, nalia. Nalia kweli, si utani. Na wale wageni wa mwanao Salma wamesimama na makamera yao, hakuna anayejua nimepatwa na nini. Bwana mmoja wa Mombasa, mtu wa kutazama saa, namsikia anasema, "Salma, tumelipia kutembezwa au tumelipia kuzika?"

Andika hivyo hivyo, Mercy, usipunguze.

Mercy ni jirani yetu hapa Satwa, Dubai, Mkenya wa bara, askari wa mlangoni kwenye duka kubwa, leo hana zamu. Ndiye anayeniandikia, maana mimi skuli niliipita kwa nje tu nikiuza mihogo. Anacheka, anasema, "Shosho, si tuanze na salamu?" Kweli, nimepitiliza. Salamu nyingi, baba. Huo mguu ulioteguka umepoa? Usimsikilize mtu, ukande kwa maji ya chumvi. Mimi mzima, sukari inapanda na kushuka kama lifti ya jumba hili, lakini nipo. Dada yako Zuhura na wanawe wazima, na mumewe ndiye atakayekuletea karatasi hii, anakuja Unguja Ijumaa. Kwa simu sikuwezi. Nikianza tu, "mama fupisha." Karatasi hainikatizi.

Sasa uliniambia nini? Uliniambia, mama, hiyo safari ya Salma ya Vietnamu nenda naye, ukaitazame kwa macho yako kazi ya kutembeza watu nchi za watu, kama ni kazi ya heshima au ni uhuni. Wale waliokuja kumposa umewaambia wangoje neno langu. Nikisema si kazi, unamrejesha Unguja anaolewa. Nikisema ni kazi, unamwacha. Kwa hivyo mimi sikwenda kustarehe, nilikwenda kama shahidi. Na mtoto alikuwa anajua. Tena mwenye ofisi yao, arbab, alikwisha mwambia: hiki ndicho kikundi chako cha kwanza peke yako, kikirudi na malalamiko, khalas, unarudi kwenye meza ya kukata tiketi. Haya, mtoto wa watu huku ana arbab, huku ana bibi yake. Ndege nzima anapitia orodha ya wageni, chakula hakigusi. Nikampa tangawizi.

Mji wenyewe unaitwa Hoi An, uko ukingoni mwa mto. Nyumba za mbao, kuta za manjano, vichochoro vimebanana kama Shangani, mataa ya vitambaa yananing'inia kila mlango. Na mafundi cherehani! Asubuhi unapimwa, jioni nguo tayari. Nilimwambia Salma, hapa ni kwetu ila wamesahau kujenga mabaraza. Kulikuwa na kasichana ka pale pale, Linh, ndiye kiongozi wa njia, kembamba kama kijiti cha kibiriti, kichwani kofia ya majani yenye ncha, ukiiona utasema kajifunika kawa la chakula. Linh mbele anaeleza, Salma nyuma anahesabu watu kama kuku wa Idi. Kumi, kumi, kumi. Mimi wa kumi na moja, mimi hanihesabu, ananishika.

Tukaingia nyumba moja ya ukoo mmoja, vizazi saba wamo humo humo. Linh kasema dakika kumi, halafu tunakwenda kupanda mashua. Mimi naingia, naona nini? Picha ya mzee juu ya meza. Udi unafuka. Matunda yamepangwa, kuku mzima na kichwa chake ananitazama. Huko nyuma wanawake wamejaa jikoni, masufuria yanagongana. Watu wanaingia, wanavua viatu, wanainamisha vichwa mbele ya picha. Suleiman, mimi nimezika watu wangapi? Nyumba ya msiba naijua kwa harufu. Nikasema moyoni, wenzangu hawa hawana haya, mtu kafa na wao wanapiga picha! Nikajipenyeza mpaka kwa mwenye nyumba, bibi mzima wa umri wangu, nikakaa naye mkekani. Nikamwambia pole dada yangu, kazi ya Mungu haina makosa. Kwa Kiswahili, ndiyo, kwani pole ina lugha? Halafu nikamkumbuka marehemu baba yako alivyolala pale ukumbini, na mimi sikupata hata nafasi ya kulia vizuri kwa kupika. Nikalia. Yule bibi akanitazama, akanitazama, naye akaanza.

Ndipo Linh akaja mbio, mkono mdomoni. Kumbe yule mzee amekufa miaka thelathini iliyopita! Kila mwaka siku yake ikifika wanampikia, wanamwekea udi, ndugu wanakuja. Hauli, mwanangu. Nimeililia hauli kama maiti ya jana.

Nyumba nzima ikaangua kicheko, mpaka jikoni. Lakini yule bibi mkono wangu hakuuachia.

Sasa mtazame mwanao. Kasimama pale kwenye nguzo, jasho linamtoka, bwana wa Mombasa anamwonyesha saa, "Mashua inatungoja, dada, na mimi mwenye ofisi yako namjua." Nikasema leo nimemharibia mtoto riziki yake. Nikataka kuinuka, yule bibi akanirudisha chini. Ningekuwa mimi ndiye Salma ningemvuta huyo kizee kwa kanga yake.

Salma alikuja akapiga magoti mbele ya yule bibi, akamsemesha Kivietnamu! Maneno matatu manne, alijifunza mwenyewe, mimi sikuwa na habari. Akamwomba radhi. Bibi akampapasa shavu, akapiga ukelele kule nyuma, mikeka ikatandikwa. Salma akainuka, akawageukia wageni. "Jamaa zangu, siku zote nyumba hii huonyeshwa. Leo tumealikwa. Mashua nitaisogeza mbele. Anayetaka kukaa na avue viatu, anayetaka kungoja, duka la kahawa liko hapo ng'ambo, nitamfuata."

Bwana wa Mombasa akatoka. Akamwita mkewe. Mkewe, mtoto wa watu, alikwisha vua viatu. "Tangulia baba," akamwambia, "mimi nshakaa."

Tukakaa saa nzima. Salma kawaambia kwa adabu kwamba sisi nyama yao hatuli, basi tukaletewa ndizi, chai, na wali wa kunata. Wali ule ungeupika Unguja wewe ungetukanwa, lakini wa pale ni mtamu. Yule bibi akatuonyesha ukutani alama za mafuriko, mto ukipanda maji yanaingia mpaka sebuleni. Mwaka mmoja yalimfika hapa, kifuani. Darini wamekata tundu, wanapandishia makabati na picha ya mzee, maji yakishuka wanafagia matope, wanarudi chini. Hawahami. Linh anatafsiri, Salma anawafafanulia wageni wetu, na mimi namtazama tu. Waalimu wawili wa Kampala walikuwa wanafuta macho.

Kesho yake ilikuwa zamu ya baiskeli, kwenda mashamba ya mboga. Mercy ananikodolea macho. Mama, mimi baiskeli sijui, lakini kupakiwa najua! Nilikaa upande kwenye keria kama nilivyokuwa napakiwa na baba yako, Linh kanikokota mashambani, mpunga huku, nyati huku. Nikamuuliza Salma amuulize, si mzito mimi? Linh akasema magunia ya mchele hupakia makubwa zaidi, ila hayaongei. Kakosa adabu, lakini nimempenda. Vitalu vya mboga vyao vimenyooka kama mistari ya msala wa msikitini, wanatia mwani wa mtoni kwenye udongo badala ya mbolea. Na hapo bwana wa Mombasa alikuwa bado kanuna, anatutangulia mbali.

Tuliporudi Dubai yule bwana akafanya kweli. Akapiga simu ofisini, muda wake umepotezwa. Salma akaitwa. Nikasema kosa ni langu, nakwenda kulibeba mwenyewe. Tukapanda treni mpaka Deira, mimi sikualikwa, nimeingia tu.

Arbab akauliza, "Nani aliyesimamisha safari?" Nafungua mdomo, Salma akanikanyaga mguu. Mbele ya mtu! Akasema, "Mimi, sir. Nilipaswa kuuliza mapema kama nyumba ile ina shughuli siku hiyo. Ningeuliza, wageni ningewaandaa. Sikuuliza."

Hakunitaja, Suleiman. Mdomo wake ungefunguka kidogo tu, lawama ingemwondoka, bibi yake mjinga yupo hapo hapo. Hakufungua.

Arbab akanitazama, akaniuliza kwa Kiarabu, nami cha jikoni nakisikia, "Wewe ndiye uliyelia?" Nikasema ndiye. Akafungua kompyuta yake. Halafu akamwambia Salma kwamba mmoja kalalamika na tisa wameandika kuwa saa ile mkekani ndiyo watakayoisimulia kwao. "Wa mwezi ujao ni kumi na sita," akasema. "Yalla, haya, kajiandae."

Mimi nililia tena kwenye treni. Kumkinga mtu bila kumtangaza halifundishwi ofisini hilo. Hilo ni la nyumbani, ni la kwako na mkeo, basi na nyie mmesifiwa humo humo. Nimemuuliza faragha habari ya posa. Kasema, "Bibi, huyo kijana hata jina lake la pili silijui. Wale kumi na sita nishajua nani hali dagaa." Sasa hapo unataka nikwambie nini?

Neno langu ni hili: usimrejeshe. Ni kazi ya heshima. Nimeiona kwa macho, na nimeipa mtihani ambao hata wewe hungeweza kuutunga.

Nisalimie mkeo mwenye subira ya kukaa na wewe. Nisalimie dada yangu mkubwa, msalimie kwa kumshika mkono maana masikio yamekwenda. Mwalimu wa chuoni anayekunywa kahawa yako kila alasiri, naye msalimie, mwambie apunguze sukari. Na mama wa yule kijana msalimie kwa heshima zote, ni mtu wa watu, hajatukosea chochote. Mwambie...

Huyo Salma ananiita ngazini. "Bibi! Teksi imefika!" Tunakwenda Al Ras kwa wauza viungo. Wageni wake atawapitisha kule, anataka nimchagulie muuzaji asiyechanganya karafuu na makonyo, vile vijiti vyake. Nakuja, mama, nakuja!

Mwambie Salma yuko kazini. Tia jina hapo, Mercy: mama yako, Zuwena. Haya, niinue.