Nusu ya Sharubu

Muganza, Jumapili

Natangaza kwa masikitiko makubwa kifo cha sharubu zangu, upande wa kushoto. Upande wa kulia ungali hai na unaomba maombi yenu.

"Papa Neema," mke wangu ameniuliza mlangoni, "ile ingine umeiacha Bukavu?"

Nilicheka naye. Tangu hapo sijacheka tena.

Wazo lilikuwa langu. Tangu turudi kutoka Bukavu, Kongo, watu wanasema kinyozi wetu Bosco, ambaye mikono yake inazidi kuishiwa nguvu, alipewa sumu kule, na wengine hawampi hata mkono. Daktari alisema ni mishipa ya fahamu inayoongoza misuli ndiyo inayokufa. Ugonjwa huo hauambukizi, na dawa ya kuuponya bado haijapatikana. Basi nikapanga: baada ya ibada Bosco aninyoe mbele ya watu, mimi nieleze ugonjwa, wao wawachangie wanaoutafutia dawa.

"Nitaweza," Bosco alisema. "Sharubu zako si msitu wa Nyungwe."

Walikuja wengi, wakasikiliza, wakachanga. Tulipoishia nusu niliwaambia wembe ni butu.

Wembe haukuwa butu. Ulimtoka Bosco ukaanguka, na mkono wake ukanilalia shavuni. Nilidhani ananitania, nikangoja auondoe. Kisha nikamtazama. Jasho lilikuwa likimtiririka, naye alivikodolea macho vidole vyake kama vya mtu mwingine.

"Papa Neema," alininong'oneza, "uniondolee huu mkono."

Niliushika kwa mikono miwili, nikaushusha taratibu, nikauweka juu ya goti lake.