Wimbo wa Jembe Mwanzoni mwa Filamu Yangu

Mpendwa mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako siisikii tena, lakini ulivyonilea siwezi kufungua mazungumzo nawe bila kukuamkia.

Leo nimeukumbuka mwaka wangu wa mwisho chuoni. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imeachiwa huru, kila duka la Lushoto limeweka redio kaseti mlangoni, muziki wa nchi zote unagombana barabarani. Nilirudi kwetu Mgwashi na kamera ya chuo begani, natengeneza filamu ya kumalizia masomo, juu ya wanawake wanaolima miteremko yetu. Picha za mwanzo nilishazipata: ukungu unainuka, jembe linapanda na kushuka. Muziki wa kufungulia ndio ulionitoa jasho. Festo, mwanafunzi mwenzangu aliyenisaidia kuhariri, alitaka kinanda cha kisasa. Nilikuletea kanda yake jikoni, unamenya viazi. Ulisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha ukauliza, "Huyu anayepiga, amewahi kulima?"

Basi nikakuomba uniimbie wimbo wenu wa kulimia, nikidhani utaimba pale pale. Ulinitazama kama niliyekuomba upike ugali bila moto.

"Wimbo wa jembe hauimbwi umekaa, mwanangu. Beba hicho kidude chako twende shamba."

Ilikuwa siku ya soko. Wenzako uliozoea kulima nao kwa zamu walikuwa wameshuka na kabichi zao. Ukalima peke yako. Uliita mstari, ukanyamaza kwa muda ule ule ambao wao wangeitikia, ukaita tena. Sikukuuliza kwa nini huitikii mwenyewe, maana ungenicheka: mtu hajiitikii.

Chuoni, Festo alisikiliza akashika kichwa. "Dada, hapa pana mapengo. Mwalimu atasema mitambo ilikufa, utafeli. Nijaze kinanda?"

Nilimkataza asiguse. Niliogopa, mama, sikufichi. Shamba lile ndilo lililonisomesha, na kama ningefeli hapakuwa na mwaka mwingine. Lakini kile kimya kilikuwa sehemu ya wimbo, na ningekijaza kinanda ningekuwa nimewafukuza wenzako shambani.

Mwalimu alitaka kuiona filamu mbele ya wenyewe waliopigwa picha, kwa hiyo tukaionyesha ukumbini Lushoto. Wewe na wenzako mlikaa mbele na kanga zenu za sikukuu. Taa zikazimwa, ukungu ukainuka, sauti yako ikaita. Kisha kimya. Nilimwona mwalimu anageukia mitambo.

Ndipo wenzako, bila hata kuambizana, wakaitikia. Ukumbi ukavuma! Sauti yako ikaita tena kwenye spika, wakaitikia tena, na wewe mwenyewe ukawageukia: "Ehee, leo ndiyo mnakuja? Shamba nimeshalimaliza peke yangu!"

Watu walicheka mpaka mwalimu akaweka kalamu chini. Nilifaulu, naye Festo akawa anamwambia kila anayetoka mlangoni kwamba yule mama ni mama wa rafiki yake. Mimi nilisimama pembeni nimevimba kichwa, wala sioni haya kusema. Nimetengeneza filamu nyingi tangu hapo, na nyingine zimesifiwa na watu wenye majina. Hakuna iliyofunguka kama ile. Cheti changu nakijivunia kidogo. Wewe nakujivunia sana, mama, na ningekuambia zaidi ulipokuwa unasikia.

Tangu tukuzike, kanda ya wimbo wako nilikuwa siigusi. Asubuhi hii nimeiweka. Uliita, kisha ukanyamaza, ukaniachia nafasi ile ile uliyowaachia wenzako. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Nikainuka kitini, kwa sababu ulishanifundisha, nikaitikia.

Pumzika, mama. Ukiita, nipo.

Binti yako,
wa kuitikia