Maelezo Kuhusu Mlango wa Banda la Gari, Nyumba ya Bwana Yahaya, Kirumba

KITUO CHA POLISI, MWANZA
Ijumaa, tarehe 14 Julai 1961, saa tatu na robo asubuhi

Jina la shahidi: Yunus bin Shaibu
Umri: Miaka 46
Kazi: Seremala
Makazi: Mirongo, Mwanza
Mwandishi wa maelezo: Sajini Antoni Chenge

Mimi ndiye Yunus bin Shaibu. Sikuitwa na mtu, nimekuja kwa miguu yangu. Jumamosi iliyopita askari aliniuliza kuhusu kifo cha Bi Mwanvua, mama yake Bwana Yahaya, nikamjibu kwamba sijui kitu. Nilikuwa najua. Mzee Masalu, mlinzi wa nyumba ile mliyemfungia humu ndani, hakuua mtu. Naomba hilo liandikwe kwanza, mengine yafuate.

Mnamo tarehe 2 Mei mwaka huu, Bwana Yahaya, mfanyabiashara wa ngozi, aliniita nyumbani kwake Kirumba. Alikuwa amenunua motokaa na kuijengea banda. Uwanja wake ni mdogo. Kushoto kuna jabali refu kuliko nyumba, kulia kuna mtaro. Mlango wa mbao mbili za kufungua nje ungegonga jabali. Mlango wa kusukuma pembeni usingekuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia, "Bwana, hapa ni mlango wa kupanda juu tu." Akafurahi, maana ndio aliokuwa anautaka. Alikuwa na kitabu cha picha kutoka Nairobi, na humo mlango ulikuwa unapandishwa na mota ya umeme, mtu anabonyeza tu.

Tulibishana siku mbili juu ya kitu cha kuupandishia. Mimi sipendi kubishana na mwenye nyumba, lakini kazi ni yangu na jina ni langu. Nikamwambia mota tuisahau, kwa sababu umeme wa Kirumba unakatika kila mvua inaponyesha, na siku hiyo motokaa italala ndani au italala nje. Akataka springi. Nikamwambia springi ya kubeba ratili mia na themanini sijaiona dukani Mwanza, na ikikatika hakuna wa kuitengeneza. Nikamshauri tutumie uzito. Mlango unafungwa kamba mbili za katani, kila kamba inapita kwenye kapi, yaani gurudumu la kamba, juu, na upande wa pili inabeba sanduku zito. Masanduku yakilingana na mlango, mlango hauna uzito tena. Nilimwambia, "Kifaa kizuri ni kile ambacho mama yako ataweza kukitumia kwa mkono mmoja." Maneno hayo niliyasema mimi, na Bi Mwanvua alikuwepo.

Masanduku yalipaswa kujazwa chuma. Kuna mtu wa vyuma chakavu aliniahidi vipande, lakini siku zilikwenda na vyuma havikuja. Idd ya kuchinja ilikuwa Alhamisi tarehe 25 Mei, na Bwana Yahaya alikuwa na wageni kutoka Bukoba. Kila asubuhi ananitumia mtu, fundi vipi, fundi vipi. Jumatatu tarehe 22 nikachoka. Nikaenda Igogo ufukweni, nikanunua mchanga kwa wale wanaouchota ziwani.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, Sajini, liandike vizuri. Mchanga Mwanza hauuzwi kwa mizani. Unauzwa kwa karai, na unauzwa mbichi, maji yanachuruzika. Mwashi hajali, kwa sababu saruji inataka maji. Mimi nilikuwa nataka ratili. Nikaupeleka kwenye mizani ya pamba nikaupima ulivyo, ratili tisini kila sanduku, nikaandika 90 kwa penseli kwenye ubao. Nilijiona mjanja, kwa maana hakuna fundi mwingine mji huu angepima. Kumbe nilipima maji.

Mlango ulifungwa mahali pake Jumanne tarehe 23. Siku ya Idd Bi Mwanvua aliupandisha mwenyewe kwa mkono mmoja mbele ya wageni, akacheka, akasema mwanawe amemletea mchezo uzeeni. Mimi nilipewa mguu mzima wa mbuzi. Wiki mbili baadaye vyuma vikaja. Mlango ulikuwa unakwenda vizuri, nikaona ya nini kujisumbua. Vyuma vile viko karakanani kwangu mpaka leo, mnaweza kwenda kuviona.

Mvua zilikuwa zimekwisha. Tangu mwanzo wa Juni mnajua jua lilivyo. Mchanga ulikuwa unakauka ndani ya masanduku. Na masanduku niliyatengeneza kwa mbao zenye mianya, kwa sababu chuma hakivuji. Mchanga mbichi nao hauvuji. Mchanga mkavu unavuja.

Alhamisi tarehe 6 Julai, kama saa nne asubuhi, mzee Masalu alikuja karakanani. Ni mtu wa Misungwi, umri wake unapita sitini, amekaa na familia ile miaka kumi na tisa. Alisema, "Fundi, mlango umekuwa mzito. Asubuhi naupandisha kwa mikono miwili. Bwana anasema mlango ni uleule, mimi ndiye nimechoka, na mwisho wa mwezi nirudi kwetu." Nilikuwa nakata mbao za jeneza la watu, nina haraka. Sikuinua kichwa. Nikamwambia, "Kapi zimekauka hizo, mzee. Zipake grisi." Nikampa grisi kwenye kopo. Alishukuru, akaenda.

Fundi gani anaambiwa mlango umekuwa mzito asiulize uzito umetoka wapi? Kapi kavu ndizo zilizokuwa zinauzuia ule mlango usishuke. Mimi nikampa grisi.

Ijumaa ilikuwa Sabasaba, nikaenda mkutanoni kama watu wote. Jumamosi tarehe 8 roho ilinisumbua kidogo, nikapanda Kirumba kutazama. Nilifika kama saa saba mchana. Mlango ulikuwa juu, kamba ya kuvutia imezungushwa kwenye kulabu ukutani. Bi Mwanvua alikuwa amekaa kwenye kigoda pale kizingitini, anachambua mchele kwenye ungo. Mahali pale pana upepo wa ziwa, na tangu banda limalizike hapo ndipo alipokuwa anashinda. Tuliamkiana. Aliniuliza habari za mke wangu, nikamwambia hajambo, tukaendelea kuzungumza, masanduku nikawa bado sijayatazama.

Saa saba na nusu honi ya Bwana Yahaya ikasikika chini ya kilima. Kamba ilikuwa imeteleza kwenye kulabu na mlango umeteremka kidogo, kama futi moja, na paa la motokaa lisingepita. Mzee Masalu akasema, "Mayu, inuka kidogo bwana apite." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na miaka yote alimwita hivyo. Bi Mwanvua akaanza kuinuka, akainama kukusanya mchele uliomwagika. Mzee Masalu akaondoa kamba kwenye kulabu ili auvute mlango juu. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake. Kamba ilimvuta yeye. Nilimwona akiburutwa mpaka bega lake likagonga nguzo, na kamba inapita mikononi mwake, naye ameing'ang'ania. Alipiga kelele, "Mayu." Mlango ulimpiga Bi Mwanvua shingoni, nyuma.

Majirani walikuja mbio, tukauinua watu wanne. Bwana Yahaya alishuka kwenye motokaa akamkuta mama yake chini. Alimkamata mzee Masalu koo, akasema, "Umeachia makusudi kwa sababu nimekufukuza." Mzee Masalu hakujitetea. Alikuwa amekunja ngumi, na watu wakasema anataka kupigana. Mimi niliona damu inatoka kati ya vidole vyake. Mtu aliyeachia kamba kwa hiari yake hachuniki viganja. Hilo nililijua palepale, wala sikulisema.

Kisha watu walipokuwa wanaibeba maiti kuipeleka ndani, nilitazama chini ya masanduku. Palikuwa na vichuguu viwili vya mchanga, vyeupe, vikavu kabisa, kila kimoja kama sufuria ya ugali. Nikaelewa yote kwa mara moja. Nilivisambaza kwa kiatu, nikachukua fagio lililokuwa pale nikaufagia mchanga mpaka mtaroni. Askari alipofika nilikuwa nimeshamaliza.

Unaniuliza kwa nini. Niliogopa, Sajini. Nina watoto sita, na nani atampa kazi fundi ambaye mlango wake umeua? Nilijidanganya kwamba mtamhoji, mtaona ni ajali, mtamwachia. Jumapili nilizika pamoja na wenzangu. Mwanandani wa kaburi la Bi Mwanvua ulifunikwa kwa mbao nilizozikata mimi. Bwana Yahaya alinikumbatia akanishukuru. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula, na mke wangu Mwaija akaniuliza mpaka akachoka.

Jana, Alhamisi tarehe 13, saa kumi alasiri, nilimletea mzee Masalu chakula hapa kituoni. Askari wa zamu alituruhusu kidogo. Mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa, nikamlisha mimi. Nilimwambia avumilie, kesi itaonyesha. Akasema, "Kesi gani, fundi? Jana nimeshawaambia ni mimi. Nimeweka na kidole. Bwana alisema kweli, nimechoka. Nilishindwa kushika kamba ambayo mayu mwenyewe aliivuta kwa mkono mmoja." Kisha akaniambia, "Nisamehe, fundi. Kazi yako nzuri nimekuharibia."

Nikaondoka na bakuli halijaisha. Sikuweza kukaa pale tena.

Leo alfajiri nilimweleza mke wangu. Alilia, kisha akanipa kanzu safi. Ninachosema ni kwamba mzee Masalu hakuachia, alikokotwa. Uzito niliupunja mimi, grisi niliitoa mimi, mchanga niliufagia mimi. Nendeni mkapime masanduku kabla mtu hajayagusa.

Hapa ndipo mwisho wa ninayoyajua. Nimesomewa, nimesikia, ni maneno yangu, na hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi: Yunus bin Shaibu

TAARIFA YA MWANDISHI: Nimeyaandika maelezo haya kwa Kiswahili na kumsomea shahidi, akayakubali. Saa sita mchana nilikwenda Kirumba na konstebo mmoja. Masanduku mawili yalishushwa na kupimwa mbele ya Bwana Yahaya. La kwanza ratili 63, la pili ratili 58. Yote mawili yana namba 90 kwa penseli. Mlango ulipimwa, ratili 181. Mtaroni umeonekana mchanga wa aina ileile. Bwana Yahaya aliomba mizani irudiwe, ikarudiwa, kisha akakaa chini.

Saa kumi na dakika ishirini, kwa amri ya Inspekta, Masalu aliachiwa. Yunus bin Shaibu ameambiwa kwamba tangu sasa yeye si shahidi, atawekwa ndani. Hakupinga.

Wawili hao walikutana ukumbini, mmoja akitoka na mwingine akiingizwa. Masalu alikuwa ameshasomewa maelezo haya yote. Yunus alisema, "Shikamoo, mzee." Masalu alisimama, kisha akatoka nje bila kuitikia.

A. Chenge, Sajini