Kompyuta ya Kaka Inakataa

Kwako Dada,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, na wote humu ndani ni wazima, isipokuwa printa, ambayo bado inakohoa kama unavyoijua. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Lile jino liliishia wapi? Mama anasema uling'olewa, Baba anasema uliogopa ukatoka kwenye foleni. Mimi nimemwamini Baba. Ukijibu barua hii, tukatie mzizi wa fitina.

Ningekupigia simu, lakini nyumba hii unaijua: ukipiga chafya chumba cha nyuma, unaambiwa pole kutoka sebuleni. Jambo nililo nalo linataka karatasi.

Najua Kaka alikupigia. Najua alikwambia kwamba Baba amemfungia kazi, kwamba amepata chumba cha kupanga na kesho Jumamosi anahama. Najua pia kwamba tangu siku hiyo hupokei simu za Baba, maana namwona anavyoitazama simu kisha anaiweka. Basi kaa vizuri nikueleze mwanzo hadi mwisho. Fundi wa mtandao wa nyumba hii ni mimi, na habari hii hakuna anayeijua kunishinda.

Tangu ulipoolewa, mpangilio wetu haujabadilika sana. Kompyuta kubwa ya Baba iko sebuleni chini ya dirisha, na ramani zote za nyumba tunazochora zinakaa humo, kwenye folda moja tunayoiita Ramani. Kaka anachora chumba cha mbele, mimi chumba cha nyuma, na Mama anachapa barua za wateja kule chumbani kwao. Kila mmoja anaifungua folda ile akiwa palepale alipo. Mtandao huo niliuunganisha mwenyewe, bila fundi wa kuitwa, na nitaendelea kulisema hilo hata mkichoka kulisikia.

Jumatatu ya wiki iliyopita tuliamka tukakuta kompyuta kubwa imejisasisha. Rangi mpya, picha mpya ya milima, na maswali kibao ambayo Baba aliyakubali yote bila kuyasoma, kama mtu anayeitikia salamu. Kuanzia hapo folda ya Ramani haikufunguka kwa mtu yeyote. Intaneti ilikuwepo, ruta ilikuwa inawaka taa zake zote, lakini ukiitafuta kompyuta ya Baba kutoka chumba kingine, haionekani. Mama akasema imenuna. Kaka akataka aitwe fundi. Nikamwambia fundi ndiye huyu anayezungumza naye.

Haikunichukua hata asubuhi nzima. Kwanza niligundua kwamba sasisho limeisahaulisha kompyuta kuwa iko nyumbani. Ilidhani imekaa ukumbi wa hoteli, katikati ya watu isiowajua, kwa hiyo ikajificha. Niliingia kwenye mipangilio nikaiambia kwamba huu ni mtandao wa nyumbani, si wa hadharani, ikajitokeza. Nikadhani nimemaliza. Ikajitokeza, ndiyo, lakini sasa ikaanza kudai neno la siri. Sisi majina yetu yalikuwa humo tangu zamani bila neno la siri lolote, na mfumo mpya hautaki mtu wa namna hiyo. Baba akagoma. Alisema nyumba hii ameijenga yeye na hajawahi kumdai mwanawe neno ndipo amfungulie mlango. Nilimbembeleza mpaka akachagua lake, kisha akalitangaza kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia, ikabidi achague jingine.

Kabla ya chakula cha mchana, kompyuta yangu ilikuwa inafungua Ramani. Ya Mama ikafungua. Printa ikatoa karatasi tatu bila kuombwa. Nilizunguka sebule mikono kiunoni, Dada, ungeniona ungenizaba kibao.

Kompyuta ya Kaka ikakataa. Ilikuwa inaiona kompyuta kubwa, inalikubali jina lake na neno lake la siri, lakini akigusa folda yenyewe anaambiwa hana ruhusa. Siku tatu nilikaa kwenye kiti chake, nazima hiki, nawasha kile, naiwasha upya mashine mpaka ikapata joto, na yeye amesimama nyuma yangu. Kila akiuliza nilimjibu kwamba ni hili sasisho.

Siku ya nne aliacha kuuliza. Unakumbuka alivyobishana na Baba kuhusu ngazi za ile zahanati aliyoichora? Baba alisema ngazi ni nyembamba, mgonjwa hawezi kupandishwa kwa machela, na Kaka akasema Baba hamwamini mpaka leo. Sasa akajumlisha moja na moja. Alikwenda sebuleni akamwambia Baba kwamba sasisho gani hili linalochagua mtu; kompyuta ya Mama inafungua, ya mdogo wake inafungua, yake tu ndiyo yenye kasoro. Akasema kama Baba hamtaki kwenye kazi angemwambia kiume, asijifiche nyuma ya mashine.

Baba hakukana. Alivua miwani akaifuta, akasema atafikiri. Ni hilo tu. Kaka akalichukua hilo kuwa ndiyo jibu, akatoka kwenda kutafuta chumba. Mama amekuwa akimsihi tangu siku hiyo, na Kaka anamjibu kwa adabu huku akikunja nyaya zake.

Dada, kuhusu jino nilitania. Kuhusu hili sitanii, na naomba unisome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Sasisho halikumfungia Kaka. Baba hakumfungia. Mimi ndiye niliyelifuta jina lake.

Ilikuwa Jumapili, siku moja kabla ya sasisho. Nilikuwa nimechora nyumba ya yule mama mwoka mikate, yenye chumba cha tanuri nyuma na dirisha refu la kuuzia. Siku tisa za kazi. Kaka akaifungua bila kuniuliza, akachora mambo yake juu yake, akahifadhi kwa jina lilelile. Yangu ikapotea. Nakala nyingine sikuwa nayo, fundi mzima mimi. Nilipomlalamikia alisema nichore upya, mkono utazoea. Hata pole hakunipa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta kubwa, nikafungua orodha ya wanaoruhusiwa kwenye Ramani, nikamwondoa. Nilitaka ashinde siku moja tu akihangaika kama nilivyohangaika mimi, kisha nimrudishe.

Kulipokucha kila kitu kilikuwa kimeharibika, na mimi nikapata pa kujificha. Zile siku tatu nilizokaa kwenye kiti chake nilikuwa najua dawa iko wapi. Sekunde thelathini zingetosha. Lakini ningemrudisha vipi bila watu kuuliza nilichofanya, baada ya kutamba vile? Kisha akamtuhumu Baba, na aibu ikawa imeshakuwa kubwa kuliko mdomo wangu. Nilifikiri nikuandikie wewe kwanza, unishauri namna ya kusema.

Dada, niliishia hapo juu nikainuka, na sasa nimerudi. Nilipoisoma hiyo sentensi ya mwisho nilijiona mjinga. Barua ingekufikia wakati Kaka ameshahama. Kwa hiyo nimewaita wote watatu sebuleni nikasema yote kama nilivyokuandikia, nikiwa nimesimama. Mama alikaa. Kaka alinitazama kama hanijui.

Baba akasema alijua. Jumapili ile alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu na aliniona nikilifuta jina. Aliniacha akiamini hasira zikishuka nitalirudisha mwenyewe, na ndiyo maana kila asubuhi alikuwa akiniuliza kama kompyuta ya Kaka imepona. Mimi nilidhani ni uzee.

Nilimuuliza kwa nini alikubali kuitwa mbaya, na mwanawe akafungasha, wakati neno moja lingemsafisha. Alisema mtoto akimkasirikia baba yake atahama, atanuna, lakini ipo siku atarudi, maana baba ni mmoja. Lakini ndugu wakichukiana, yeye na Mama wakishaondoka duniani, hakuna wa kuwaita tena mezani. Akasema afadhali chuki ikae kwake, yeye hataibeba muda mrefu.

Nililia, sikufichi. Mama naye akalia. Kaka aliondoka akaenda chumba cha mbele na tukamsikia anavuta meza. Mama akanishika mkono. Kumbe Kaka alikuwa anairudisha ukutani, mahali pake. Baadaye alikuja akasimama nyuma ya kiti changu mpaka nilipoliandika jina lake kwenye orodha, akaangalia herufi moja moja, kisha akasema nyumba ya mwoka mikate ataichora yeye, na mimi asinisikie mpaka Jumatatu. Nimekubali. Mpaka sasa nimenyamaza vizuri sana, nadhani nimevunja rekodi.

Kwa Baba hajasema samahani bado. Lakini amempelekea kikombe chake cha chai, amekaa naye dirishani, na ile ramani ya zahanati imefunguliwa mbele yao.

Umebaki wewe. Jumapili ya wiki ijayo asubuhi, barua hii ikiwa imeshakufikia, Baba atakupigia, na mimi ndiye nitakayemshikia simu. Ukitaka kugomba, gomba na mimi, namba yangu unayo. Yake ipokee, Dada, ikilia mara ya kwanza.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na jino lipe pole zangu. Mama, Kaka na Baba wote wanakusalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Mjuaji