Sura ya Ornella Ndani ya Foto Nyeusi

Butembo, tarehe 19/8/2003

Kwako yaya Emérence, dada yangu mukubwa,

Jambo sana, wewe na shemeji Kitsa na batu bote ba kwenu Beni. Kifua chako kinapona? Sisi huku tuko bazima, ni baridi tu inatusumbua. Yaya, keti kwanza, halafu usome: mutoto wako Ornella ako muzima. Ako hapa kwangu, anakula viazi.

Nikueleze vile ilikuwa. Unakumbuka ile foto ya batoto benye balipoteza bazazi wakati wa kukimbia vita, yenye Issaka, dereva wa camion, aliniletea kutoka kwa mapadri ba paroisse ya Kanyabayonga. Balibapiga foto ndani ya nyumba, mulango wazi nyuma yao. Donc mwangaza wote ulibaki mulangoni, na sura za batoto zikawa nyeusi kama makaa.

Juma lililopita niliipitisha kwa skana ya studio yetu. Ordinateur, ile kompyuta, inaonyesha muchoro kama vilima: giza ni kushoto, mwangaza ni kuume. Kwa foto hii vilima karibu vyote vilirundikana kushoto, katikati tupu. Niliamuru mashini itawanye ule murundo, ijaze nafasi yote. Mara ya kwanza rangi ziliharibika, batoto bakawa na ngozi ya kijani. Nikarudia, nikagusa mwangaza peke yake. Sura zikatoka, zimejaa chembechembe kama muchanga. Ya tatu kwa mustari wa mbele ilikuwa na kovu kwenye nyusi, kama ya Ornella wetu.

Niliogopa kujidanganya. Patron wangu, mama Kahongya, alisema mutu mwenye kulia anaweza kuona mutoto wake hata ukutani. Mais mashini haikujua namutafuta nani. Ilitendea foto yote sawasawa. Nikamuita Issaka, mwenye hajapata kumuona Ornella, nikamuuliza anaona nini.

"Naona binti mudogo," alisema. "Kovu inakata nyusi yake ya kushoto."

Kesho yake tukaenda naye Kanyabayonga. Ornella aliniuliza: "Mama yangu alikufa?" Nikamuambia hapana. Ndipo akanishika mukono.

Sasa neno zito, yaya. Foto ile nilikuwa nayo tangu mwezi wa tano. Nilikutumia habari kwamba nimetazama kila sura, na Ornella hayumo. Sikutazama. Niliona giza, nikaogopa kuhakikisha kwamba hayumo, nikaifungia ndani ya tiroir ya meza. Kwa neno langu mulilia matanga mwezi wa saba, na mimi nikaketi kati yenu nikinyamaza. Niliporudi hapa nilishindwa kubeba siri hiyo tena, ndiyo sababu nikaitoa foto kwa tiroir. Ukinikasirikia, ni haki yako. Nitakuja hata hivyo.

Siku ya Alhamisi tutashuka Beni na camion ya Issaka. Barabara imetulia. Nilitaka kukuandikia kwamba Ornella amekonda, mais amekataza. Anasema nikuandikie kwamba amerefuka.

Ubaki na amani, utusalimie jirani bote benye balilia na wewe.

Ni mimi ndugu yako mudogo,
Muyisa